Samaki wa oveni mwenye chenga za mkate: majibu kwa wasomaji

Toleo lililopita tulichapa maelekezo mafupi ya mnofu mweupe wa samaki unaookwa kwa dakika 12 ukiwa umefunikwa chenga za mkate. Barua zilizofika zinaonyesha kwamba samaki mwenyewe hakuwasumbua wengi. Kilichowashinda ni zile chenga, ambazo zilitakiwa zilie mdomoni na badala yake zikatoka zimelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kwa ambaye hakulipata toleo lile, haya ndiyo maelekezo, maana majibu yote yanayategemea.

Kwa watu wanne: minofu gramu 600, vipande vinne vyenye unene wa sentimita 2 hivi. Chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga robo kijiko. Chenga za mkate wa jana gramu 60, sawa na kikombe kimoja kisichoshindiliwa, zikaangwe kwa siagi gramu 25 kwenye moto wa wastani, dakika nne au tano, huku ukigeuza bila kuacha, mpaka zishike rangi ya biskuti. Kitunguu saumu, punje mbili zilizopondwa, kiingie dakika ya mwisho kisiungue. Epua, changanya na ganda la njano la limau moja lililokunwa na vijiko viwili vya giligilani iliyokatwakatwa. Samaki atiwe chumvi, akae robo saa, akaushwe. Apakwe juu mayonezi vijiko viwili vya mezani iliyochanganywa na kijiko cha chai cha haradali, kisha chenga zigandamizwe juu kwa kiganja. Oveni iwe imeshafika nyuzi 220, au 200 kama ina feni, trei ikae ngazi ya juu ya katikati, dakika 12.

Nilitumia minofu ya sangara ya kwenye friza, nikafuata kila kitu. Trei ilijaa maji meupe, na chenga zikalowa kuanzia chini. Je, niliweka siagi nyingi mno? (Msomaji, Mwanza)

Siagi haina kosa. Maji hayo yametoka kwa samaki, na yana njia tatu za kuingia.

Ya kwanza ni barafu. Minofu mingi ya friza hupakwa utando mwembamba wa barafu ili isikauke na kubadilika rangi. Ukiitoa na kuiweka trei barafu ikiwa bado haijaisha, unaoka samaki na maji yake pamoja. Iyeyushie ndani ya friji usiku kucha, juu ya kichujio au juu ya kisosi kilichopinduliwa ndani ya bakuli, ili maji yashuke chini na mnofu usilale ndani yake. Ukiwa na haraka, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uzamishe kwenye maji baridi dakika 30 hadi 45, ukibadilisha maji mara moja. Maji ya moto hayafai: nje huanza kuiva wakati katikati bado ni barafu. Kuiacha mezani toka asubuhi hadi jioni ndiyo mbaya zaidi, na hapo hatuzungumzii tena chenga bali tumbo la mlaji.

Ya pili ni samaki mwenyewe. Barafu inapoganda ndani ya nyama huzichana chembe zake, hivyo samaki wa friza atatoa maji kuliko aliyenunuliwa leo mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, hata umfanyeje. Kazi yako ni kuyatoa mapema. Ndiyo maana ya ile robo saa ya chumvi. Utaona matone yamejitokeza juu ya nyama kama jasho. Hayo yote yakaushwe kwa taulo la karatasi au kitambaa safi cha pamba, ukigandamiza pande zote mbili mpaka kitambaa kisishike unyevu tena. Wengi hufuta mara moja juu juu na kuridhika. Upande wa chini nao una maji, na hayo ndiyo yatakayochemka kwenye trei na kupanda juu kama mvuke.

Ya tatu ni trei. Vipande vikibanana, mvuke wa kimoja unalowesha kingine. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kipande na kipande, na usitumie bakuli lenye kuta ndefu. Trei bapa ya kuokea biskuti ndiyo yenyewe. Na tafadhali usifunike kwa foili. Foili inafaa kwa samaki wa kupaka mchuzi, lakini kwa huyu ni kama kumfunikia sufuria.

Jambo moja la kuangalia ukiwa Mwanza: sangara mkubwa ana mnofu wa mgongo mnene na mnofu wa tumbo mwembamba wenye mafuta mengi. Omba wa mgongo. Wa tumbo ni mtamu, ila uukaange.

Hamjambo. Jiko langu ni la gesi, moto wake uko chini tu. Mbuta anaiva hadi anakauka na juu bado pamepauka. (Mama wa nyumbani, Kisumu)

Hatujambo, mama. Mbuta wenu ndiye sangara wetu. Hili la moto ni tatizo la majiko mengi ya gesi ya nyumbani, na dawa yake iko kwenye kikaango, si kwenye oveni. Mnofu wa sentimita 2 unaiva kwa dakika 10 hadi 12. Chenga mbichi zinahitaji mara mbili ya muda huo kushika rangi kwenye oveni isiyo na moto wa juu. Ukisubiri chenga, samaki amekwisha. Kwa hiyo kaanga chenga mpaka zifikie rangi unayotaka kuiona mezani, si nusu ya rangi hiyo. Ukifanya hivyo oveni yako haina kazi ya kupaka rangi tena, inamwivisha samaki tu.

Panda na trei hadi ngazi ya juu kabisa, ibaki nafasi ya kiganja kati ya chenga na dari, kwa kuwa joto hupanda na dari ya oveni hulirudisha chini. Washa mapema: oveni za gesi zinataka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutulia. Ile trei bapa ya chuma inayokuja na jiko, kama hujaigusa, itoe kabisa. Ikibaki ngazi ya chini inazuia joto kupanda.

Kuna wanaotoa samaki na kumpitishia juu kwa kijiko siagi ya moto iliyoanza kubadilika rangi. Inapendeza kwa macho na harufu. Ila zisizidi vijiko viwili vya chai kwa kipande, la sivyo chenga zinakunywa mafuta na kulegea.

Shikamooni. Mimi sina oveni, nina majiko mawili ya mkaa. Naweza? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Unaweza, kwa njia ileile ya kuokea mkate wa sinia: moto chini, moto juu. Lakini samaki anataka mpangilio wake.

Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa chuma, usio na kishikio cha plastiki. Weka ndani kokoto safi zilizokauka, tabaka moja, au kile kistuli cha chuma cha kuinulia. Kazi yake ni kumtenga samaki na kitako cha sufuria, asiungue chini kabla ya juu kuiva. Kokoto ziwe zimekauka kabisa, kwani jiwe lenye maji linaweza kupasuka kwa joto. Funika, weka makaa yaliyokolea: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Acha hivyo dakika 10 ndani mkiwa hamna kitu, ili sufuria ishike moto. Ukidondosha tone la maji ndani na likakauka papo hapo kwa mlio, imefika.

Hapo ingiza samaki akiwa kwenye sahani ya bati au trei ndogo iliyopakwa mafuta. Vipande viwili au vitatu kwa mkupuo, si zaidi. Funika, rudisha makaa juu, dakika 14 hadi 17. Usifunuefunue, kila ukifunua unapoteza joto, na majivu huanguka kwenye chakula. Dakika ya 14 ndiyo ya kuchungulia, na kabla ya kuinua mfuniko futa majivu ya ukingoni.

Kasoro ya njia hii ni kwamba mvuke hauna pa kutokea. Chenga zitalainika kiasi, hilo haliepukiki. Kwa hiyo zigawe: theluthi mbili ziende na samaki, theluthi moja ibaki kwenye kikaango. Ukimwepua, mnyunyizie hizo zilizobaki akiwa mezani. Za chini zinabeba ladha, za juu ndizo zinazolia. Ujanja huu hata wenye oveni wanaweza kuutumia siku samaki anapokuwa na maji mengi.

Asalaam aleikum. Huku kwetu sangara hatumtumii. Changu anafaa? Chewa? Na kama siku hiyo soko lina nguru na jodari tu? (Bibi wa Unguja)

Waaleikum salaam, bibi. Mnaye samaki bora kuliko wa maelekezo yetu.

Chewa ndiye chaguo la kwanza. Nyama yake ni nene, nyeupe, imeshikana, na haitoi maji mengi. Mnofu wa sentimita 3 mpe dakika 14 hadi 15. Changu ni mtamu zaidi lakini ana miiba midogo kwenye mstari wa katikati ya mnofu, kuanzia kichwani hadi karibu nusu. Pitisha kidole kinyume na mwelekeo wa nyama utaisikia. Ing'oe kwa kikoleo au ukate ule mstari wote uutoe. Chini ya chenga mlaji haioni miiba, na ndiyo maana hili si la kuachia bahati, hasa kwa watoto. Kolekole anafaa pia, japo nyama yake ni nyeusi kidogo. Pono tunamwogopa kwa kazi hii. Nyama yake ni laini na ina maji. Ukimtumia mtie chumvi nusu saa badala ya robo, na utumie mwiko mpana kumtoa kwenye trei maana anavunjika. Tasi ni mdogo na ana miiba, mwacheni kwenye kikaango chake.

Nguru si samaki mweupe hasa, lakini vipande vyake vya kukata mviringo, vyenye unene wa sentimita 2 na nusu, vinaokeka vizuri kwa muda uleule. Mayonezi punguza nusu kwa sababu ana mafuta yake.

Jodari hatumpendekezi hapa. Akiiva hadi ndani huwa mkavu na chenga kavu juu yake zinamfanya mzito kumeza. Na lipo la afya. Jodari, nguru, kibua na jamaa zao wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kuoka, kukaanga wala kugandisha. Mlaji anahisi mwasho wa pilipili mdomoni, uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Muulize muuzaji samaki alivyotunzwa toka baharini, na kama hakuna barafu mezani kwake, nunua kwa mwingine.

Nimemlaza samaki kwenye ndimu toka asubuhi ili shombo litoke. Alipoiva alikuwa mkavu kama pamba. (Msomaji, Mombasa)

Ndimu ilishamwivisha kabla ya oveni. Asidi inakaza protini za samaki kama moto unavyofanya: nyama inageuka nyeupe isiyopitisha mwanga, inajikunja na kuachia maji. Ukimpeleka kwenye nyuzi 220 baada ya hapo unamwivisha mara ya pili. Kwa mnofu wa sentimita 2, dakika 10 za ndimu zinatosha, kisha mkaushe vizuri. Sisi tunaona afadhali ndimu isimguse kabisa kabla ya moto. Tumia ganda la limau ndani ya chenga, na kipande cha ndimu pembeni ya sahani kila mtu ajikamulie. Akamulie pembeni lakini, si juu ya chenga.

Shombo kali haliondolewi na ndimu. Samaki mweupe mbichi hunuka bahari au ziwa, basi. Akinuka kama mkojo au dawa ya kusafishia, amekaa siku nyingi.

Mayonezi hailiwi nyumbani kwangu. Nibandike chenga kwa nini? (Baba wa watoto wawili, Nairobi)

Mtindi mzito uliochujwa maji, vijiko viwili. Au siagi laini na haradali. Au ute wa yai moja uliopigwa mpaka utoe povu. Ute ndio unaoshika kuliko vyote, ila hauna ladha, kwa hiyo ongeza chumvi kidogo kwenye chenga. Mtindi wa kawaida wa pakiti ni mwepesi, utalowesha. Mchuzi wa nyanya wa chupa una sukari, unaungua ukingoni.

Huku korosho ni zetu na nazi ipo. Naweza kuvitumia badala ya mkate? (Msomaji, Mtwara)

Changanya, usibadilishe vyote. Mkate unafanya kazi ambayo korosho haiwezi: unafyonza mvuke kidogo unaotoka kwa samaki bila kulegea mara moja. Korosho peke yake inateleza na kudondoka trei.

Kipimo kilichotulia ni chenga za mkate gramu 40, korosho mbichi gramu 40 zilizokatwa kwa kisu hadi ukubwa wa punje za mchele, siagi gramu 15 tu kwa vile korosho zina mafuta yake. Usizisage kwenye mashine. Ukizidisha sekunde chache unapata siagi ya korosho. Kaanga mkate kwanza dakika tatu, ndipo korosho ziingie kwa dakika mbili za mwisho, kwa sababu korosho inapita kutoka nyeupe hadi nyeusi haraka sana. Korosho zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa na chumvi zinafaa pia, ila zisipite kikaangoni tena, na chumvi ya samaki punguza.

Nazi ya kukunwa ikiwa mbichi ina maji na itachemka. Itandaze kwenye trei, ikaushe kwa nyuzi 120 dakika 20 hivi mpaka iwe nyepesi mkononi na haijabadilika rangi. Kisha weka vijiko vitatu vya mezani kwenye chenga zako. Ina sukari yake ya asili, kwa hiyo shusha oveni hadi nyuzi 200 na uongeze dakika mbili. Nazi na kitunguu saumu vinagombana kidogo. Tungeacha saumu na kuweka tangawizi na pilipili mbuzi moja iliyotolewa mbegu. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui hayana ladha ya kutosha, usijisumbue nayo.

Na mkate wenyewe uchague. Mkate wa pakiti uliokatwa slesi mara nyingi una sukari, unaungua upesi na kutoa utamu usiohitajika. Boflo la jana, yaani mkate mzima usiokatwa, ni bora mara kumi. Likwangue kwenye kikunio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Chenga zikiwa laini kama unga zinafanya bandiko badala ya kulia.

Nitajuaje ameiva bila kumvunjavunja? Na ule utomvu mweupe unaotoka ubavuni ni nini? (Mwanafunzi wa upishi, Moshi)

Choma ncha ya kisu chembamba katikati ya kipande kinene kuliko vyote, kwa ubavu ili usiharibu chenga, uhesabu hadi tano, kisha gusisha ile ncha chini ya mdomo wako. Ikiwa ya vuguvugu, bado. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uitoe haraka, tayari. Nyama ikisukumwa itaachana kwa mabamba, na katikati pasibaki mng'ao wa kioo. Mwenye kipimajoto atoe samaki kikisoma nyuzi 60. Joto litapanda lenyewe hadi 63 au zaidi akiwa nje dakika mbili tatu. Hiyo 63 ndiyo inayopendekezwa na mamlaka za chakula za Marekani kwa samaki.

Ule utomvu ni protini ya samaki, jamaa ya ute wa yai. Iko ndani ya maji ya nyama, na nyama ikikazwa na moto inasukumwa nje na kuganda. Kidogo si kitu. Ikiwa nyingi, moto ulizidi au muda ulizidi. Ile chumvi ya robo saa inapunguza hili pia.

Kipande cha mkiani chembamba kikunje mara mbili, ncha iingie chini, unene ulingane na vingine. Sato kwa kawaida mnofu wake una sentimita moja hadi moja na nusu, na dakika 8 zinamtosha. Hapo ndipo wengi wanapomkausha, wakimpa dakika za sangara.

Hapa Muscat nimenunua hamour, na sina oveni bali kikaangio cha hewa ya moto. Chenga zilipeperuka zote zikaungulia juu. (Msomaji, Oman)

Hamour ni chewa, kwa hiyo samaki uliye naye ni sahihi. Feni ya kikaangio hicho ina nguvu na iko karibu mno. Chenga kavu zinaruka, zinanasa kwenye koili, ule waya unaotoa moto, na kutoa moshi. Zifanye nzito: siagi gramu 35 badala ya 25, na ute wa yai ndio uwe gundi. Zigandamize, kisha weka kipande kwenye friji dakika 10 siagi igande kabla ya kuoka. Nyuzi 190, dakika 9 kwa sentimita 2, bila kugeuza. Kaanga chenga hadi rangi hafifu tu kikaangoni, kwa maana feni itamalizia. Ni kinyume cha tulichomwambia mama wa Kisumu, na sababu ni mahali moto unapotokea. Usijaze kikapu, vipande viwili kwa mara moja.

Nitakuwa na wageni 12 Jumapili baada ya kanisa. Nifanye nini Jumamosi? (Mama mwenye nyumba, Dodoma)

Samaki kilo 1 na gramu 800, chenga gramu 180, siagi gramu 75. Jumamosi kaanga chenga zote, zikipoa kabisa zifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa na kuliweka kwenye friji. Zikifungwa zingali na joto zinatoa jasho na kuharibika. Usiweke giligilani wala ganda la limau bado. Samaki wa friza ahamie kwenye friji usiku huo.

Jumapili asubuhi kabla ya kutoka, mkaushe, mpange kwenye trei mbili, mfunike na kumrudisha kwenye friji bila chumvi na bila chenga. Chumvi ya saa tatu inamtoa maji na kumkaza. Mkirudi, washa oveni kwanza kabla ya kuvua viatu. Chumvi robo saa, kausha tena, paka, weka chenga. Trei mbili kwa pamoja zinashusha joto la oveni, kwa hiyo kadiria dakika 15 hadi 16, na dakika ya 8 zibadilishane ngazi. Oveni ikiwa ndogo, oka trei moja baada ya nyingine. Kundi la kwanza likisubiri lisifunikwe.

Wali na kachumbari viwe vimetangulia mezani. Kachumbari iwe kwenye bakuli lake, isimguse samaki.

Kilichobaki kikae kwenye friji si zaidi ya siku mbili. Kipashe kwa nyuzi 180, dakika 8 hadi 10, wazi. Ukipasha kwa maikrowevu samaki atapata moto na chenga zitalegea. Ukiwa huna njia nyingine, kwangua chenga zote kwanza, pasha samaki peke yake, na chenga uzirudishe kikaangoni dakika moja bila mafuta.

Watoto wangu wawili hawaruhusiwi ngano. (Msomaji, Bukoba)

Krispi za muhogo, zile nyembamba za chumvi, gramu 60, zipondwe ndani ya mfuko kwa chupa hadi ziwe vipande vya nusu sentimita. Zilishakaangwa, kwa hiyo hazihitaji kikaango wala siagi, na chumvi ya samaki ipunguzwe nusu. Ziweke dakika tano za mwisho tu, sio mwanzo. Soma pakiti ya krispi, kwa kuwa zenye viungo vya kuongeza ladha huweza kuwa na unga wa ngano, na haradali ya chupa nayo uikague vivyo hivyo.